Simu ya mkeka, kishikwambi cha kikosi

SAA nane mchana pale Kagongwa, mashine za kukoboa mpunga zinanguruma na malori yanayoelekea Rwanda na Burundi yanapita bila kusimama. Kwenye kivuli cha kijiwe cha bodaboda, vijana wawili wamekaa wakitazamana. Katikati yao kuna ubao wa drafti na visoda 24, kumi na viwili vimelala kifudifudi, kumi na viwili chali. Nyuma yao wamesimama watu sita. Wote wanauona ubao, na wote wana maneno.

Hatua chache kutoka hapo kuna kijana mwingine, peke yake, kainamia simu. Naye anacheza drafti, ila ya kwenye kioo. Kashafungwa na mashine mara ya tatu. Hakuna aliyeona alikosea wapi, kwa hiyo hakuna aliyemwambia.

Shabiki wa soka anaweza kuuliza, hii inahusianaje na kurasa za michezo? Inahusiana sana. Kanda hii, kuanzia Shinyanga hadi Geita, ina mashabiki kila kona, lakini kwa sasa ina uhaba mkubwa wa watu wanaokaa pamoja na kufikiria mpira. Na kifaa kilicho mkononi mwa shabiki kina mchango wake katika hilo.

MICHEZO YA ZAMU

Kuna michezo ya simu inayotaka vidole vyepesi. eFootball na Dream League zimo humo. Ukichelewa nusu sekunde, beki kakupora mpira. Bando likikatika katikati ya mechi ya mtandaoni, umepoteza pointi.

Kuna michezo mingine ambayo ni ya zamu. Unacheza wewe, unamsubiri mwenzako afikirie, naye anacheza. Drafti ni hiyo. Bao la kete, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo Mwalimu Nyerere alilipenda, ni hilo hilo. Chesi pia. Ndugu yao wa karibu kwa mtu wa mpira ni Football Manager, mchezo ambao hupigi shuti hata moja. Unasajili, unapanga kikosi, unachagua fomesheni, kisha unabonyeza kuendelea na kuona matokeo ya uamuzi wako.

Michezo hii ndiyo inayofanana na kazi ya kocha. Kocha hagusi mpira. Anapanga, anasubiri, anaona mpinzani kajibu nini, anapanga tena. Akibadilisha winga dakika ya 60, kocha wa upande wa pili naye ana zamu yake ya kujibu.

Uzuri wake kwa mtu wa Kagongwa ni kwamba hauhitaji mtandao wenye kasi. Drafti ya simu inachezwa hata bila bando. Dereva wa bodaboda akipata abiria, anaweka simu mfukoni, anampeleka Isaka, anarudi na kukuta kete zake palepale alipoziacha. Hapo simu inashinda bila mjadala. Ipo tayari, imeshanunuliwa, inatoshea mfukoni na chaji yake inakaa. Vijana wawili, mmoja Kagongwa na mwingine Geita mjini, wanaweza hata kucheza chesi siku nzima, mmoja akisogeza kete asubuhi na mwenzake akijibu jioni baada ya kazi.

PALE SIMU INAPOFUNGWA

Tatizo la simu ni kioo. Mchezo wa kufikiri unataka uone ubao wote kwa wakati mmoja. Kwenye simu, mtu wa Football Manager anafungua ukurasa wa wachezaji, anaufunga, anafungua wa fomesheni, anarudi tena kwa wachezaji kuangalia beki wa kushoto kachoka kiasi gani. Akifika mwisho kashasahau alichokuwa anatafuta.

Watengenezaji wenyewe walilijua hilo. Mwishoni mwa mwaka 2015 walileta toleo la iPad, tofauti na lile la simu. Lile la simu mechi ilionekana kwa juu, wachezaji wakiwa vidoti vinavyokimbia. Lile la kioo kikubwa lilionyesha wachezaji wenye miili, na kurasa zake zilikaribia zile za kompyuta. Hawakufanya hivyo kwa kupenda kujisumbua. Mchezo ule ule kwenye kioo tofauti unakuwa mchezo mwingine.

Lakini kuna tatizo kubwa zaidi ya macho, nalo ni upweke. Simu ni ya mtu mmoja. Ina picha zake, meseji zake na pesa zake, kwa hiyo hawezi kuilaza mezani watu saba waishike. Kishikwambi kikiwekwa mezani kinakuwa kama ule ubao wa drafti. Wawili wanacheza, sita wanatazama, na yule mzee aliyesimama nyuma anasema: "We dogo, huyo beki wako wa kulia umemwacha peke yake." Hilo sentensi moja ni somo la ukocha, na halikulipiwa ada.

Simu ina jaribu lingine ambalo kila mtu wa kijiweni analijua. Humo humo kwenye kioo kidogo umo mkeka. Kijana anafungua drafti, anacheza dakika tano, inaingia meseji ya odds za jioni, anahama. Mwisho wa siku kajua Arsenal ana odds ngapi, lakini hajui kwa nini Arsenal anaacha nafasi nyuma ya beki wake wa kushoto. Mkeka unamfanya ajali matokeo tu. Mchezo wa zamu unamlazimisha ajali sababu.

KANDA ILIYOSHUKA NGAZI

Sasa tazama kilichotokea kwenye mpira wa kanda hii. Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwadui ya kwenye machimbo ya almasi ikafuata 2015. Ilikuwa raha, mkoa mmoja timu mbili, Simba na Yanga zinakuja Kambarage na Mwadui kama watu wengine.

Stand ikashuka 2019. Mwadui ikashuka 2021. Mwaka huo huo Geita Gold ikapanda, ikamaliza nafasi ya nne msimu wake wa kwanza, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mwaka 2024 nayo ikashuka.

Sababu za kushuka ni nyingi na fedha ndiyo ya kwanza. Hakuna mwenye akili atakayesema Stand ilishuka kwa kukosa kishikwambi. Lakini timu zinapopanda na kushuka hivi, swali ni nini kinabaki nyuma. Machimbo yakifungwa, yanabaki mashimo. Timu ikishuka, vinatakiwa vibaki vichwa: makocha wa mitaa, watazama mechi, watu wanaojua kusoma mchezo na kulea kikosi kingine. Vichwa hivyo havitengenezwi na mtu mmoja mmoja aliyeinamia simu yake. Stand yenyewe haikuanzia ofisini, ilianzia kwa watu waliokaa pamoja stendi.

WILL STILL NA NDOTO YA KIOO

Kila ukitaja Football Manager, kijana atakutajia Will Still. Ni kweli ana hadithi nzuri. Alikabidhiwa Reims ya Ufaransa Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akacheza mechi 17 za kwanza za ligi bila kufungwa, huku klabu ikilipa faini ya euro 25,000 kila mechi kwa sababu hakuwa na leseni ya juu ya ukocha. Alikua akicheza Football Manager na hakuwahi kulificha hilo.

Lakini hadithi hiyo inasimuliwa nusu. Still alisomea mpira chuoni Uingereza, kisha akaanza kazi Ubelgiji akiwa mchambuzi wa video pale Sint-Truiden. Yaani mchezo ulimpa hamu, shule ikampa kazi. Na kazi yenyewe ya mwanzo ilikuwa kukaa mbele ya kioo na kuwaonyesha wenzake alichokiona.

Huo ndio mpira wa sasa. Kombe la Dunia 2018 kule Russia, FIFA iliipa kila timu vishikwambi kwa ajili ya uchambuzi, na mtu wa jukwaani akaweza kumtumia wa benchi picha za mchezo wakati mechi inaendelea. Walitoa kifaa ambacho kocha anaweza kukigeuza, akamwonyesha mchezaji, wote wawili wakatazama kitu kimoja.

KAGONGWA IFANYE NINI

Wapo watakaosema kishikwambi ni anasa. Kwa mtu mmoja, ni kweli. Mpakiaji wa magunia ya mchele hana sababu ya kununua kifaa cha pili wakati simu yake inapiga, inapokea na inatuma pesa. Kioo kikubwa kikivunjika ni hasara, na kikiibwa ni kesi.

Lakini kijiwe siyo mtu mmoja. Kijiwe chenye watu 15 kina jezi walizochangia, kina mpira waliochangia, na kila Jumamosi kila mmoja anatafuna hela kwenye mkeka. Hela hizo za wiki chache zikiwekwa pamoja zinanunua kishikwambi kilichotumika. Mchana kinacheza drafti na chesi, mshindi anabaki, mshindwa anapisha. Jioni timu ya mtaa inarekodiwa kwa simu ya yeyote, video inahamishiwa kwenye kioo kikubwa, na baada ya mechi wanakaa kuangalia bao walilofungwa liliingiaje. Hapo simu na kishikwambi vinacheza timu moja: kimoja kinarekodi, kingine kinafundisha.

Shule nazo zisisahaulike. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu. Ni vya kazi, na viheshimiwe hivyo. Ila mwalimu wa michezo anayeandaa watoto wa UMITASHUMTA anapochora fomesheni kwenye kioo hicho na kuwaonyesha watoto kumi na moja nani anasimama wapi, anafanya kazi aliyoajiriwa. Mtoto wa darasa la sita akielewa kwa nini kiungo hatakiwi kupanda pamoja na beki, kashatangulia mbele ya watu wazima wengi wanaopiga kelele kwenye mabanda ya kuonyesha mpira.

Na kijiwe ambacho kweli hakina hata hiyo hela, basi kina chaki na visoda. Chora uwanja sakafuni, panga 4-3-3 kwa visoda vya soda na 4-4-2 kwa vya bia, anza kusogeza kimoja kimoja. Ubao wa drafti ndio kishikwambi cha kwanza cha nchi hii. Kinachohitajika ni kioo ambacho watu wengi wanaweza kukitazama kwa pamoja, kiwe cha umeme au cha mbao.

Klabu na vyama vya soka vya wilaya navyo vina kazi. Kozi za leseni D za CAF zinapotangazwa, ziwafikie na vijana wa vijiweni, wale ambao kila mtu anajua wanasoma mchezo kuliko wenzao. Kijana anayewafunga wote drafti na anayejua timu ya mtaa inafungwa wapi, mpeni kozi. Asiishie kuwa kocha wa Arsenal ya kwenye simu wakati timu ya kata yake inapangwa na yeyote aliyeshika jezi.

Pale Kagongwa, yule kijana aliyefungwa mara ya tatu kazima simu, kasogea kwenye ubao. Kaangalia kidogo, kanyoosha kidole: "Ukila hiyo, anakula tatu." Mchezaji kairudisha kete yake. Mkono uliokuwa hewani kwa upande wa pili umeshuka taratibu, na watu wote wamecheka.