Njia Iliyopindwa

Ndugu msomaji, twaa ramani ya Asia uitazame miji ya Shanghai na Taipei. Kwa mstari ulionyooka, umbali kati yake haufiki kilomita 700. Ni safari ya kiasi cha saa moja u nusu angani. Lakini tangu vita vilipoigawa nchi mwaka 1949, njia hiyo ilifungwa. Hata mwaka 1987, Taiwan ilipowaruhusu wakazi wake kwenda kuwatazama jamaa zao bara, ndege ya moja kwa moja haikuwapo. Wengi walipitia Hong Kong: karibu kilomita 800 kuelekea kusini-magharibi, kisha kubadili ndege na kurejea kaskazini kilomita 1,200 na ushei. Mzee aliyeondoka kwao kijana alirudi na mvi, akapoteza nusu ya siku njiani, pengine akaonyeshwa kaburi la mamaye tu.

Julai 2008 zilianza ndege za kila mwisho wa juma zisizotua Hong Kong. Ila, ajabu kweli, zililazimika kwanza kupita katika anga yake! Rubani aliruhusiwa kunyoosha njia tarehe 15 Desemba mwaka huohuo.