Tumkumbuke Abdulwahid Sykes

Kila mwaka tarehe 14 Oktoba nchi yetu humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Hiyo ni haki yake, na chama chetu huwa mbele katika jambo hilo. Lakini, ndugu wanachama, ni wangapi miongoni mwetu wajuao kwamba siku mbili kabla yake, tarehe 12 Oktoba, ndiyo siku aliyokufa mwaka 1968 mtu aliyempokea Mwalimu katika siasa za mji wa Dar es Salaam? Siku hiyo hupita kimya. Leo gazeti hili lataka kuuvunja ukimya huo.

Mtu huyo ni Abdulwahid Sykes. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924, akafa akiwa na miaka 43 tu. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kuwa askari wa Wajerumani. Baba yake, Kleist Sykes, naye alipigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Kisha mwaka 1929 akawa mmoja wa walioanzisha African Association, naye akawa katibu wake. Abdulwahid na mdogo wake Ally wakavaa sare ya Mwingereza, wakaingia King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Tazameni basi: vizazi vitatu vya nyumba moja vilibeba bunduki chini ya bendera mbili, na hata moja kati ya hizo haikuwa yao.

Vita vya Burma havikuwa mchezo. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, matope yakiwafika magotini, malaria ikiwaangusha wengi. Mwaka huo huo, tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wetu wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hao ni watoto wa watu. Mama zao walikaa wakingoja barua.

Na walionusurika walilipwa nini? Malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi. Mwafrika alipewa pungufu ya Mzungu wa cheo kile kile, ingawa risasi ya Mjapani haikuuliza rangi ya mtu. Hata wafu walibaguliwa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita vya kwanza, wasiopungua 116,000, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kwa lolote. Bwana aliyewaita watu hao vitani hakuwa na haja ya kujua majina yao.

Askari aliyetendewa hivyo angeweza kurudi nyumbani na uchungu, akanywa fedha yake ikaisha, kisha akakaa barazani kusimulia vita hata kufa. Abdulwahid hakurudi hivyo. Alirudi amejua kwamba Mzungu naye huogopa, huugua na hufa, na kwamba Waafrika wa makabila mbalimbali wakipewa kazi moja huifanya pamoja. Elimu hiyo aliipeleka katika Tanganyika African Association, chama kilichozaliwa katika kile cha baba yake. Mwaka 1950 akawa katibu, Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais. Serikali ilipompa Dk. Kyaruzi uhamisho kutoka Dar es Salaam, mzigo wa uongozi ukabaki mabegani mwa Abdulwahid.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe tunalotaka kulisema. Tarehe 17 Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglu, wanachama walimchagua mwalimu kijana wa Pugu, Julius Nyerere, kuwa rais wa TAA. Abdulwahid akawa makamu wake. Wako wasemao alishindwa kwa kura, na wako wasemao alimwachia mwenziwe kwa makusudi. Sisi hatugombani na upande wowote, kwa kuwa ubora wa mtu huyu waonekana katika yaliyofuata. Hakununa. Hakuondoka na watu wake kwenda kuanzisha chama kingine. Alikaa, akafanya kazi chini ya mtu aliyekuwa mgeni mjini kuliko yeye. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoundwa katika Mtaa wa New Street, Kariakoo, alikuwamo. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid.

Wala msidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mepesi kwa mtu mwenye nyumba. Abdulwahid alikuwa na mke, Bi. Mwamvua, na watoto wa kulisha, na kazi yake ilikuwa kusimamia soko la Kariakoo. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa amri kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Kila mwenye mshahara alijua maana ya amri ile: chagua siasa au chagua ugali wa watoto. Mseja aweza kujitolea nafsi yake peke yake. Baba wa watoto anapojitolea, amewatoa na wanawe pamoja naye, na mkewe ndiye apikaye chai ya wageni wa mkutano usioisha.

Wapo watakaosema kwamba kuwataja wengine ni kumpunguzia Mwalimu heshima. Hatuoni hivyo hata kidogo. Kiongozi aliyepokewa na watu wenye akili na moyo mpana hapunguki kwa kutajwa kwao. Anayepunguka ni sisi, tukiwafundisha vijana kwamba uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 uliletwa na mtu mmoja. Kijana aliyefundishwa hivyo hukaa akingoja mtu mmoja mwingine aje amfanyie kazi.

Basi twafanyeje? Mzee Kleist aliacha maandishi ya maisha yake mwenyewe. Mjukuu wake Daisy, binti wa Abdulwahid, akayatumia kuandika habari za babu yake, zikachapwa katika kitabu mwaka 1973. Bila ya karatasi zile tungejua nini? Na ni nyumba ngapi, Tanga, Tabora, Mwanza, Songea, zina kadi za zamani, picha na barua za vita ndani ya sanduku liliwalo na mchwa? Kila tawi la chama na lichague watu wawili, waende kwa wazee na wajane, waulize, waandike majina, wanakili karatasi na kuzirudisha kwa wenyewe. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka adabu na subira. Na ifanywe mwaka huu, maana wazee hawatungoji.

Na somo jingine ni letu sisi wenye vyeo. Kila uchaguzi wa chama ukipita, huonekana watu walioshindwa wakikaa pembeni na kusengenya, au wakihamisha kundi zima. Hao na waulizwe: je, Abdulwahid Sykes, aliyetoka Burma mzima, aliyeongoza chama kabla ya TANU kuwapo, alikuwa mdogo kuliko ninyi? Yeye alishuka kitini akaendelea kufanya kazi. Tumwombee Mungu amrehemu, na tujifunze kushuka kama yeye.