Uvimbe Mdogo Juu ya Figo

Mwezi huu twataka kusema juu ya maradhi adimu sana. Katika watu elfu wenye presha huenda asionekane nayo ila mmoja au wachache, lakini mara nyingi jamaa za mgonjwa humdhania mambo mengine kabisa, mpaka wakati ukapita.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo itoayo homoni ile inayotupiga moyo tunapogutuka. Mara chache tezi hiyo huota uvimbe, ukawa unaimwaga homoni bila ya sababu. Madaktari wauita feokromositoma. Mtu ameketi barazani salama, mara kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, jasho linamchuruzika na rangi inampotea. Baada ya muda yote hutulia kana kwamba hayakuwa. Ni mtaa gani hapa Unguja, tangu Malindi hata Makunduchi, ambapo hataambiwa ana shetani? Basi atapungwa, atapelekwa kwa fundi huyu na yule. Sisi hatukatazi kisomo wala kombe. Tunalolikataza ni kuvifanya kizuizi cha kwenda hospitali, na hali Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Uvimbe huu huwapata zaidi wenye maradhi fulani ya kurithi. Mojawapo ni yale aliyoyaeleza daktari wa Kijerumani, von Recklinghausen, mwaka 1882: mabaka ya rangi ya kahawa tangu utotoni, kisha vinundu laini vya ngozi. Hayaambukizi, na takriban nusu ya walio nayo hawana mzazi aliyekuwa nayo. Basi wazee wasilaumiwe.

Ama mwenye virusi vya UKIMWI, maradhi yaliyojulikana Zanzibar tangu mwaka 1986, virusi hivyo havijulikani kuwa ndivyo viletavyo uvimbe huu. Lakini akitoka jasho na kukonda, nyumba nzima husema, "Ni yale yale." Kumbe anayekunywa dawa zake barabara huishi miaka mingi, na katika miaka hiyo aweza kupatwa na lolote limpatalo mwenziwe. Na akiwa na vinundu juu ya hayo, ulimi wa jirani hauna pa kusimama! Dhana tuliyokanywa na Qurani humchelewesha huyu matibabu.

Mwambieni daktari, wa Mnazi Mmoja au wa kituo cha karibu, mambo yote pamoja: kuwa hali hiyo huja kwa vipindi, kuwa pana mabaka, dawa gani zinywewazo, na nani katika ukoo alikufa ghafla. Kipimo ni cha damu, au cha mkojo wa mchana kutwa na usiku kucha. Uvimbe hutolewa kwa kupasuliwa, na wengi hupona. Lakini kwanza mgonjwa hupewa dawa za presha kwa siku kadhaa, kwani kupasuliwa bila ya matayarisho hayo, hata kwa jambo jingine kama kujifungua, huweza kuua. Kwa hiyo mja mzito mwenye mabaka hayo na presha ya kupanda na kushuka asinyamaze kwa haya. Amwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki.