Mashua Kongwe Irudi Majini

Yako maradhi yaliyoingia katika fikira zetu kuhusu utamaduni, nayo ni kudhani kwamba kitu cha kale kimehifadhiwa mara tu kinapoacha kutumika. Ngoma ikitundikwa ukutani, twasema imehifadhiwa. Mkuki ukifungiwa kabatini nyuma ya kioo, twasema umehifadhiwa. Na mashua ikiburutwa kutoka pwani, ikapakwa rangi ya samawati, ikajazwa udongo na kupandwa maua mbele ya hoteli, hawakosi wasomi wa kusimama kando yake na kupigwa picha, wakisema kwamba utamaduni wetu ungali hai. Sisi twasema mashua hiyo imekufa, na hayo maua ni ya kaburini.

Hatukusudii hapa kulitetea jahazi kubwa lililosafiri kwa kaskazi na kusi baina ya pwani yetu, Arabuni na Bara Hindi. Jahazi halikosi wa kulisifu. Twaitetea mashua ndogo ya mvuvi, ya mita sita au saba, yenye mlingoti mmoja na tanga moja, ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha historia. Mashua za namna hiyo zimelala pwani yote kutoka Moa hadi Msimbati, nyingine zimefukiwa na mchanga hadi ubavuni, nyingine zimegeuzwa vibanda vya kuku. Wenyewe wamezeeka au wamefariki, na watoto wao wamekwenda mjini. Juu ya vyombo hivyo hoja yetu ni moja: kuifufua mashua ni kuirudisha baharini ikiwa na tanga lake, kwa mikono ya fundi aijuaye kazi, vijana wakiwa pembeni wanajifunza. Ikikosekana sehemu moja ya hayo, kilichofanyika si ufufuzi.

Ili msomaji aone kwa nini twashikilia jambo hili, hana budi kwanza kujua jinsi mashua inavyokufa. Wengi hudhani chombo huharibiwa na bahari. La hasha. Bahari ina adui zake, hasa yule mdudu atoboaye mbao zilizo majini. Lakini mvuvi humjua, na kila baada ya muda huipandisha mashua juu, huipitisha moto wa makuti chini ya tumbo na kuipaka upya. Mashua huuawa zaidi na nchi kavu. Jua huzikausha mbao zikasinyaa, na pamba iliyojazwa katika maungio ikalegea na kudondoka. Mvua huingia ndani na kutuama, nayo ni maji matamu, na maji matamu huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Misumari ya chuma hushika kutu, na ubao unaoizunguka hugeuka mweusi na laini kama muhogo uliovunda. Tena, mashua iliyoegemezwa vibaya, kichwa juu ya jiwe na mkia juu ya gogo, hupinda mkuku wake kwa uzito wake wenyewe. Na mkuku ukishapinda, kuunyoosha ni kazi ya kumtoa fundi machozi.

Kazi ya kuifufua ina utaratibu wake, nao hauna mchoro. Fundi huanza kwa kuisimamisha mashua sawasawa, akiitegemeza kwa miti pande zote mbili, kisha huitoa mchanga na kuiosha kwa maji ya bahari. Ndipo huchukua tezo na kugonga kwa mpini ubao mmoja baada ya mwingine, akisikiliza. Ubao mzima hulia, ubao uliooza hunyamaza. Kijana aliyesoma fizikia miaka minne anaweza kuzieleza sababu za tofauti hiyo ya sauti, na bado asiweze kuisikia. Kuisikia hufundishwa hapo hapo pwani, kwa kugonga na kukosolewa.

Baada ya hapo mbao mbovu hutolewa, na hapa ndipo mwenye pupa huharibu kila kitu. Zikibanduliwa zote kwa mara moja, umbo la mashua hupotea, kwa kuwa umbo lile halikuandikwa popote isipokuwa katika mashua yenyewe. Basi fundi hutoa ubao mmoja, akaweka mwingine; hung'oa taruma moja, akachonga jingine kwa mfano wake. Taruma halikatwi katika ubao ulionyooka. Hutafutwa tawi lililokua likiwa limepinda kwa kadiri itakiwayo, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo na taruma lisivunjike wimbi linapolipiga. Fundi hodari hupita msituni akiangalia miti kama mshonaji aangaliavyo mabega ya mteja. Msumari nao haupigwi mtupu: huzungushiwa pamba iliyochovywa mafuta, ili maji yasipate njia kando yake. Kisha huja kukalafati, yaani kuijaza pamba iliyosokotwa katika kila ungio kwa nyundo na patasi butu, taratibu, si kwa kulegeza wala kwa kukaza mno, maana pamba iliyokazwa mno huziachanisha mbao siku zitakapovimba. Mwisho hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanukayo mtaa mzima, na chini hupakwa deheni.

Halafu mashua hushushwa majini, nayo huvuja! Wasiojua hukata tamaa siku hiyo. Wajuao huiacha ielee kwenye maji machache, wakiyatoa maji kwa kata, siku ya kwanza na ya pili, mpaka mbao zinywe maji, zivimbe na kushikana. Mashua ya maonyesho haifiki kamwe kwenye siku hiyo, na kwa hiyo hakuna ajuaye kama ilitengenezwa vema au ilipakwa rangi tu. Hiyo ndiyo sababu yetu kubwa ya kuikataa. Kazi ya fundi haipimwi kwa macho ya mgeni. Hupimwa na maji.

Wapo watakaouliza haya yote yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili aliyeko Dodoma au Songea. Yanamhusu sana. Kila mwaka wanafunzi wetu hukaririshwa kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waulizwe tezi ni nini. Wachache watajibu kwamba ni sehemu ya nyuma ya chombo, na omo ni sehemu ya mbele; lakini ngama, mahali pa chini kabisa ambapo maji yavujayo hukusanyika, ni nani kati yao aliyewahi kuiona? Hukaririshwa pia kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na katika karatasi ya mtihani huandika kwamba maana yake ni kuwa maskini hafanikiwi. Ni kweli, lakini ni ukweli usio na mwili. Upande wa joshi ni ule unakotoka upepo, na upande wa demani ni wa pili yake. Aliyewahi kulishika tanga akijaribu kuukabili upepo kwa chombo kibovu anajua kwamba mithali ile haikutungwa na mtu aliyekaa kitini. Hata neno nyenzo, ambalo leo twalitumia kwa vifaa vya kila kazi, katika ile mithali isemayo chombo hakiendi ila kwa nyenzo ni yale magogo ya kuviringishia chombo kishuke pwani. Lugha yetu imejengwa kwa mbao hizi tunazoziacha zioze, kisha twashangaa kwamba vijana hawana methali!

Tusikie sasa maneno ya wapinzani wetu. Wa kwanza husema kwamba zama za tanga zimepita, na mvuvi apewe boti ya faiba na mashine. Sisi hatuna ugomvi na mashine. Mgonjwa wa kisiwani anayekimbizwa hospitali hatumtakii tanga. Lakini mashine hunywa mafuta, na siku mafuta yanapopanda bei mvuvi mdogo hukaa pwani akiutazama upepo usio na bei ukimpita. Tena ganda la faiba likipasuka, dawa ya kulizibia hununuliwa dukani nayo hutoka ng'ambo, ilhali mbao, pamba na sifa mvuvi huzipata karibu na kwao. Wakati ambapo dunia nzima yahangaika na moshi wa mafuta inatafuta namna ya kuutumia upepo, sisi tulio nao, na wenye kuujua, twaona haya kuonekana nao. Hiyo ni kasumba, haina jina jingine.

Wa pili, na huyu ni hatari zaidi kwa kuwa hujiita mpenzi wa utamaduni, husema kwamba mashua mbovu zikatwe zifanywe meza, viti na fremu za vioo, maana wageni hulipa vizuri. Tumeona samani hizo. Ni nzuri, na seremala hula kwazo, hatumlaumu seremala. Mashua iliyovunjika mkuku na kuoza mbavu zote naam, na iwe meza. Lakini imekuwa desturi mnunuzi kupita vijijini akizitafuta zile zilizo na mbao nzima, kwa sababu mbao nzima ndizo zifaazo kwa meza. Kwa hiyo ile ambayo ingefufuliwa kwa mbao chache na pamba ndiyo hukatwa kwanza. Na mvuvi atakayehitaji mashua mpya atakata miti mipya.

Wa tatu hudai kwamba mambo ya mashua ni ya watu wa pwani, si ya taifa. Huyu aende Ukerewe akawatazame wavuvi wa ziwani wakitweka matanga ya pembe tatu. Aulize pia habari za mitumbwi ya Ziwa Viktoria ambayo mbao zake zilishonwa kwa nyuzi. Ufundi wa chombo haukukoma mahali maji ya chumvi yanapokoma.

Iwapo kuna anayedhani kwamba ujuzi huu waweza kuachwa leo ukaokotwa kesho, na autazame mtepe. Vyombo vya kushonwa vilitajwa katika pwani hii tangu karne ya kwanza, katika kile kitabu cha Kigiriki cha safari za Bahari ya Erithrea, kilichoieleza bandari ya Rhapta. Mtepe, wenye mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi na tanga la miyaa, uliendelea hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kisha ukatoweka. Ulipotakiwa tena Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, hapakuwa na mzee wa kuulizwa. Ilibidi kutazama mifano midogo na picha. Na kwa wale wanaoamini kwamba dari ya makumbusho ni kinga tosha, tuwakumbushe kwamba sehemu ya jengo hilo, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Huko Oman, nchi ambayo vyombo vyetu na vyake vimejuana kwa karne nyingi, merikebu ya kushonwa iitwayo Sohar ilijengwa mjini Sur mwaka 1980, ikasafiri hadi Canton nchini China, ikafika Julai 1981. Ilikuwa kazi tukufu. Lakini washonaji wake waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep nchini India, ambako ushonaji ulikuwa bado unajulikana. Oman ilikuwa na fedha za kuagiza mikono ya watu wa mbali. Sisi je?

Bahati yetu ni kwamba kwa mashua ya misumari mafundi wangali hai. Wapo Nungwi, wapo Mafia, na upande wa Kenya wapo Matondoni, kisiwani Lamu. Wengi wao wameshapita umri wa kunyanyua gogo, na hawana wanafunzi, kwa sababu kijana haoni kama kazi hiyo ina heshima yoyote. Heshima hiyo ni wajibu wa shule kuitoa. Mwaka 1967 tulielezwa maana ya Elimu ya Kujitegemea, lakini mara nyingi shuleni neno kazi likafasiriwa kuwa jembe tu, hata katika shule ambayo kengele yake yasikika baharini. Kila shule ya sekondari ya pwani ipewe mashua moja iliyotelekezwa. Fundi wa kijiji aitwe mwalimu, aamkiwe kama mwalimu, na alipwe kama mwalimu, wala asidaiwe cheti ambacho hakuna chuo kilichowahi kumtolea. Wanafunzi waandike jina la kila kipande kadiri anavyokitaja, pamoja na matamshi ya mahali hapo, maana kipande kimoja chaweza kuwa na jina moja Pemba na jingine Kilwa. Wasichana wasiwekwe kando kwa kisingizio kwamba bahari ni ya wanaume: kamba za makumbi, ambazo bila hizo hapangekuwa na mtepe, Unguja husokotwa na wanawake, baada ya wao wenyewe kuyafukia makumbi pwani kwa miezi na kuyaponda.

Hofu ya wazazi juu ya usalama ni ya haki. Mashua ya shule isitoke bila fundi, bila maboya ya kuvaa kwa kila aliyemo, wala siku kusi inapovuma kwa nguvu. Hayo ni masharti, si sababu ya kukataa.

Ama gharama, tusitishane. Kinachohitajika ni mbao chache, misumari, pamba, sifa, kitambaa cha tanga na ujira wa fundi. Halmashauri zinazopata fedha za kupamba viwanja kwa maadhimisho haziwezi kusema kwamba hizo hazipo. Mashua zenyewe zipo, nyingine hatua mia tu kutoka madirisha ya madarasa. Walimu wakuu wa shule hizo waanze kwa kumtafuta mwenye mashua, wapatane naye kwa maandishi, na kuitegemeza kwa miti kabla mvua za masika hazijaingia ndani yake tena.