Mzee Si Mzigo wa Mashine

Nchini Japani, Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili, huwaliwaza wazee katika makazi yao. Nazo mashine za kumwinua mgonjwa humwepusha mhudumu na maumivu ya mgongo. Hayo ni mema.

Lakini hapa magharibi mwa Tanzania wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa kuni. Jeraha hilo halitibiwi na roboti.

Siku ya Mababu, Bibi na Wazee Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021, huadhimishwa Dominika ya nne ya Julai. Wapagazi wa Kinyamwezi walivuka nyika ya Tabora kwa kundi, si mmoja mmoja. Nasi tusimwache mzee amalize safari peke yake.