Ugenini na watoto: Mjue mwenyeji kabla ya chumba

Mzazi anayepanga safari ya nje ya nchi huanza na pasi, akaja kwenye nauli, halafu nguo za watoto. Malazi huja mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia safari, kwa kutazama picha za vyumba kwenye simu na kuchagua chenye bei nafuu na shuka nyeupe. Kwa anayesafiri peke yake, kukosea chumba ni usiku mmoja wa usingizi mbaya. Kwa mwenye watoto, kosa hilohilo linaweza kuleta homa, wizi, au jambo zito zaidi ambalo mtoto atakua nalo.

Wakazi wa Tabora wanaishi kwenye mji uliojengwa na wageni wa namna hiyo, na historia yake ina somo kwa familia yoyote inayofunga mizigo leo.

Unyanyembe, nchi ya wageni

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Mfanyabiashara wa Pwani au wa Oman aliyefika hapa alikuwa ugenini hasa: lugha nyingine, mtemi mwingine, chakula kingine. Njiani alishalipa hongo kwa watawala ili apite salama. Alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani atanipokea?" Habari ya ukubwa wa nyumba ilikuja baadaye.

Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani hapohapo Tabora, Novemba 7, 1857, baada ya miezi zaidi ya minne njiani. Mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwapokea, akawasaidia kupata wapagazi na kuwapa habari za njia ya mbele. Walikaa zaidi ya mwezi mmoja. Waliporudi kutoka Ujiji mwaka 1858, Burton alibaki Kazeh akijifunza habari za nchi kwa mwenyeji wake, huku Speke akielekea kaskazini, safari iliyomfikisha ziwa ambalo aliliita Victoria.

Henry Morton Stanley naye alipewa tembe pale Kwihara mwaka 1871. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo, paa la bapa na ua wa ndani. Mchana haina joto kali na usiku mlango mmoja mkubwa hufungwa. Lakini kuta nene hazikumkinga na yaliyokuwa nje: mwaka huohuo vita baina ya Waarabu na Mirambo vilipamba moto, na Tabora yenyewe ikashambuliwa. Februari 1872 alirudi hapo pamoja na David Livingstone, na alipoondoka Machi, Livingstone alibaki akingoja wapagazi kutoka Pwani hadi Agosti. Tembe hiyo leo ni makumbusho.

Si wageni wakubwa tu waliopita. Wapagazi wa Kinyamwezi wakati mwingine walisafiri na wake na watoto, wakilala kambini kwenye vibanda vya nyasi. Wengine walipitishwa kwa nguvu wakiwa watumwa, bila kuchagua safari wala pa kulala. Kwa waliokuwa na hiari, mwenyeji mwema alitangulia kuta nzuri.

Kwa ndugu au gesti?

Familia nyingi zinazovuka mpaka kwenda Burundi, Kongo, Uganda au Kenya zina ndugu, au rafiki wa ndugu, wa kuwapokea. Hilo ni jambo jema. Ndugu anajua kituo kipi cha afya kinafunguliwa usiku, mtaa upi haupitiki giza likiingia na nauli halali ya bodaboda. Ni Snay bin Amir wa familia.

Lakini kuna mipaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia ya watu watano kwenye nyumba ya vyumba viwili huanza kuwa mzigo kabla hata ya jembe kutafutwa. Mwambieni mwenyeji mapema mko wangapi na mtakaa siku ngapi, na mwende na mchango wa chakula bila kungoja kuombwa.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi: mtoto analala na nani? Nyumba ikijaa, kawaida yetu ni kuwagawa watoto, huyu kwa binamu, yule kwa mjomba, mwingine sebuleni na kijana wa kazi. Wanaowaumiza watoto mara nyingi ni watu wanaofahamika na kuaminiwa nyumbani, na ugenini mtoto hajui hata amkimbilie nani. Watoto walale na wazazi wao, hata kama ni kwa kubanana kwenye mkeka.

Kukataa si lazima kuvunje undugu. Inatosha kusema, "Shangazi, tumeshukuru sana. Hawa watalala na sisi, huyu mdogo akiwa ugenini huamka usiku akihangaika." Mwenye nia njema ataongeza blanketi. Kama nafasi hiyo haipo kabisa, chukueni chumba jirani, mchana mshinde kwa ndugu na usiku mkalale kwenu.

Maswali kabla ya kutuma hela

Kama mnakwenda gesti au hoteli, picha haitoshi. Pigeni simu, mzungumze na mtu wa mapokezi. Namna anavyojibu tayari ni habari.

Ulizeni kama pana baa au ukumbi wa muziki ndani au jirani, na kama chumba cha familia kipo au mtagawanywa vyumba viwili. Kama ni viwili, viwe vinapakana, na kila kimoja kiwe na mtu mzima.

Ulizeni habari ya maji na choo: maji yapo saa zote au kwa ndoo, choo kiko ndani au uani. Mtoto wa miaka mitano asitoke peke yake usiku kwenda choo cha nje.

Ulizeni chandarua. Tabora ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi, na majirani zetu wa magharibi wana tatizo hilohilo. Bora zaidi, bebeni vyandarua vyenu vyenye dawa na kamba ya kufungia.

Ulizeni mnafika saa ngapi na nani atawafungulia. Basi au treni ikichelewa, bei ndogo ya chumba kilicho mbali na kituo huliwa na teksi ya usiku. Usiku wa kwanza lipieni pa karibu. Asubuhi mtahama mkiwa mnaona njia.

Kuhusu malipo, msitume hela yote kwa namba ya mtu mliyeona tangazo lake tu. Mwombeni ndugu, rafiki au mtu wa msikiti au kanisa la mji huo apite kuiona nyumba. Asipopatikana, lipeni usiku mmoja tu, mengine mkifika.

Mkishafika

Kabla ya kushusha mizigo yote, mzazi mmoja abaki na watoto, mwingine akague chumba. Afunge mlango kwa ndani na kuufungua tena. Aangalie dirisha linafungika, nyaya za umeme haziko wazi, na kama kuna ngazi au roshani ambayo mtoto anaweza kudondoka. Chumba kisiporidhisha, kisemewe hapohapo kabla hamjaandikishwa kwenye kitabu cha wageni.

Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Gesti nyingi zitaiomba, na mpakani ni lazima. Kwa Burundi na Kongo, bebeni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Vipigeni picha vyote na kuituma kwa mtu mmoja aliyebaki nyumbani, pamoja na jina la mahali mnapolala.

Mtoto anayejua kusoma akariri jina la gesti na namba ya simu ya mzazi. Mdogo aandikiwe kikaratasi mfukoni. Wote waoneshwe mtu mmoja wa kumkimbilia wakipotea, kama yule dada wa mapokezi, na waambiwe kwamba mtu yeyote akiwashika vibaya au kuwaomba wafiche siri, wamwambie mama au baba usiku huohuo. Hakuna atakayewagombeza.

Mkirudi nyumbani, safari haijaisha. Malaria kwa kawaida huonekana siku saba au zaidi baada ya kung'atwa na mbu. Mtoto akipata homa wiki mbili tatu baadaye, msimpe panadol mkasubiri. Mpelekeni apimwe, na mwambieni mhudumu mlilala wapi.