Vifaa vya kutuliza mawazo visigeuzwe dawa ya presha

Biashara ya vifaa vya kuvaa mwilini vinavyodaiwa kupunguza msongo wa mawazo imekua haraka nchi za nje, na saa janja zenye kipimo cha msongo sasa zinauzwa hata katika maduka ya simu hapa nchini. Wakulima na wafanyabiashara wadogo ni wateja rahisi wa bidhaa hizo, kwani mawazo wanayo ya kutosha: marejesho ya mkopo kila wiki, mvua zisizotabirika, na bei ya mahindi inayoanguka siku ya kuuza.

Ieleweke kwamba jambo lenyewe si uongo. Kifaa husoma hali ya mwili, kisha humrudishia mvaaji taarifa kwa sauti, mwanga au mtetemo ili ajifunze kujituliza. Mshipi wa kichwani uitwao Muse, wa kampuni ya InteraXon ya Toronto, Kanada, ulioingia sokoni mwaka 2014 kwa dola 299 za Marekani, hupima umeme wa ubongo. Akili ikitangatanga, mvaaji husikia dhoruba. Ikitulia, husikia ndege. Kwa mkulima mdogo, fedha hiyo ni mifuko kadhaa ya mbolea.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi ni RESPeRATE, kifaa cha kampuni ya InterCure ya Israel. Mkanda wa kifuani huhesabu pumzi, na muziki kwenye spika za masikioni humwongoza mtumiaji avute na kutoa pumzi polepole hadi chini ya mara 10 kwa dakika. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilikiruhusu kipunguze msongo na kisaidie kushusha shinikizo la damu, lakini sambamba na matibabu mengine, si badala yake.

Mwaka 2012 watafiti wa Oxford, Uingereza, walikusanya majaribio 8 ya kupumua kwa kuongozwa na kifaa. Kwa jumla, kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa pointi 3 hivi, yaani mwenye 150 akafika 147. Walipoyaondoa majaribio yaliyofadhiliwa na watengenezaji au kuwahusisha, nafuu hiyo haikuonekana tena. Mnunuzi wa mbegu anayeuliza nani aliendesha shamba la majaribio atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Saa za bei nafuu zina walakini wake. Nyingi hukisia msongo kutokana na nafasi kati ya pigo moja la moyo na jingine. Jembe, gunia la viazi mgongoni, hata kikombe cha kahawa, vyote hubadilisha mapigo. Saa haijui kama moyo unakwenda mbio kwa hofu ya mdai au kwa furaha ya mavuno.

Mtu akiipenda saa hiyo kwa kujifunzia kupumua, anunue kwa fedha yake, si ya mkopo. Kupumua polepole hakuhitaji betri, na mkopo ndio chanzo cha mawazo ya wengi. Hatari kubwa ni mgonjwa wa presha kuacha vidonge kwa kuwa saa imemwandikia kwamba ametulia.

Hapo ndipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inapotakiwa kuwa macho. Kifaa kinachonadiwa kuwa kinatibu au kushusha shinikizo la damu ni kifaa tiba, na maneno ya muuzaji juu ya kibandiko hayawezi kuchukua nafasi ya kibali. Mfanyabiashara mdogo naye ajilinde: kabla ya kuchukua mzigo, amtake mwagizaji aonyeshe kibali hicho kwa maandishi. Akikosa, auze saa kama saa, na tangazo la tiba aling'oe dukani.